Naomba ushauri: kisu cha kukunja cha kazi ngumu, ambacho loki yake haiachii

Dereva_Porini

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni dereva wa watalii, njia yangu ni Arusha, Manyara, Serengeti na kurudi. Kisu kwangu ni kifaa cha kazi, kama spana. Nakatia kamba za turubai, mikanda ya nailoni, hozipaipu za rejeta zilizochoka, tyubu kuukuu tunazofungia mizigo, na mara nyingine nachonga mambo za hema zinapopotea. Vumbi la kule mnalijua, halibakizi kitu.

Kisu nilichonacho ni cha kukunja, nilikinunua dukani mjini kwa bei ya kawaida tu. Juzi nimelala chali chini ya gari nakata mkanda uliojisokota kwenye propela shafti. Mkanda ulipokatika mkono ukaruka juu, mgongo wa bapa ukagonga chesisi, loki ikaachia na bapa likajifunga kwenye vidole vyangu. Nilikuwa na glavu za ngozi, kwa hiyo nimebaki na mchubuko tu. Bila zile glavu ningekuwa naandika habari nyingine.

Kisu kisichokunja ninacho, kinakaa nyuma ya siti. Lakini chini ya gari au juu ya keria siwezi kutembea nacho kiunoni, na wageni wakikiona hawafurahi. Nataka cha kukunja cha maana, kidumu miaka. Bajeti ni laki tatu, nikibanwa sana naongeza. Dada yangu anakuja Desemba kutoka Uingereza, anaweza kunibebea. Nianzie wapi?

Mnoaji_Kinoo

Pole sana mkuu, na hizo glavu usiziache.

Wengi wakitafuta kisu cha kazi ngumu wanaanza kuulizana aina ya chuma. Wewe yaliyokukuta yamekuonyesha pa kuanzia. Kisu cha kukunja kinafia kwenye kiungo, pale bapa linapozunguka na pale loki inapolishika. Ukipata kiungo imara, chuma cha wastani kitakutosha. Kiungo kikiwa legelege, hata chuma cha bei mbaya kitakukata wewe mwenyewe.

Bila shaka chako kina ile loki ya bamba jembamba ndani ya mpini, linaloruka pembeni na kuegemea kisigino cha bapa. Ikitengenezwa vizuri si mbaya. Kwenye visu vya bei ya chini bamba huwa jembamba mno, linagusa kisigino kwa ukingo tu, na likiingiwa na vumbi halifiki mahali pake. Mgongo ukigongwa, linateleza.

Kwa kazi yako angalia loki ya mgongo, ile ambayo mkono wake unapita juu ya mpini na unaukandamiza nyuma ili kukifunga. Iliyoipa umaarufu ni Buck 110 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964 na inatengenezwa mpaka leo. Bapa lake ni kama sentimita 9.5, mpini wa mbao wenye vichwa vya shaba, uzito karibu gramu 200. Ni kisu cha wawindaji na watu wa mashamba, na kampuni yenyewe inatoa dhamana ya maisha.

Ila kama unataka mwisho wa maneno kwenye loki, tafuta visu vya kampuni ya Cold Steel vyenye loki ya Tri-Ad, aliyoibuni mtengeneza visu Andrew Demko. Naieleza kidogo maana inajibu tatizo lako moja kwa moja. Kwenye loki ya mgongo ya kawaida, ukigonga mgongo wa bapa, kishindo chote kinaenda kwenye mkono wa loki na kipini chembamba kinachoushikilia. Demko akaweka pini nene ya chuma katikati ya kisigino cha bapa na mkono wa loki. Kishindo kinaishia kwenye pini hiyo, nayo imekaa kwenye mabamba ya mpini. Halafu tundu la ule mkono limeachwa na nafasi kidogo, kwa hiyo loki ikilika kwa miaka, mkono unashuka zaidi na kubana upya. Kati ya visu vyao, Recon 1 ndiyo ningekuchagulia: bapa la sentimita 10, mpini wa nyuzi za glasi zilizogandishwa kwa gundi ngumu, hauteleziki hata ukiwa na oili mkononi, na unakifungua kwa dole gumba.

Hilo la dole gumba lizingatie. Buck 110 ya asili inataka mikono miwili. Umelala chini ya gari, mkono mmoja umeshika mkanda, utafanyaje?

Mzee_wa_Turubai

Vijana mnapenda vya ghali. Wazee wetu walikuwa na Okapi na kazi zilienda. Mpini wa mbao, bapa refu, ukifungua kinalia krr krr krr, ukitaka kukifunga unavuta ile pete. Laki tatu unanunua vingapi?

Mnoaji_Kinoo

Mzee shikamoo. Okapi naiheshimu kabisa. Ilianza Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ikitengenezwa kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wametoka kumtambua mwaka mmoja kabla. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake ni cha kaboni, kinanoleka kwenye jiwe lolote.

Kwa shamba na jikoni sina neno. Ila kiungo chake kimeshikwa na springi na pini ya kugongelea, kinalegea mapema, na bapa linaanza kucheza kushoto na kulia. Kwa huyu ndugu aliyelala chini ya gari siwezi kumshauri.

FundiBoti

Nachangia upande wa chuma, maana sisi wa Tanga maji ya chumvi ndiyo mwalimu.

Visu vingi vya bei nafuu vya siku hizi vimeandikwa D2. Ni chuma cha kutengenezea zana, kina kromiamu karibu asilimia 12, kinashika makali muda mrefu. Lakini kromiamu nyingi imeungana na kaboni, kwa hiyo kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo kuliko unavyodhani. Kiweke botini siku mbili bila kukifuta, madoa ya kahawia hayo. Kwa Dereva kule bara D2 ingekaa salama, mradi akifute jasho.

Kwetu baharini wenye uwezo wanachukua visu vya kampuni ya Spyderco vya jamii ya Salt. Tafuta vile vya chuma cha LC200N, ambamo naitrojeni inafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kaboni, ndiyo maana hakishiki kutu hata ukilala nacho majini. Chukua chenye meno kama kazi yako ni kamba mbichi.

Na asiyekuwa na pesa asikate tamaa. Opinel ya Ufaransa namba 8, ya chuma cha pua, ni bei ndogo sana na kinakata kuliko visu vya mara tatu ya bei yake, kwa sababu bapa ni jembamba. Ina pete ya chuma shingoni, ukiizungusha bapa linafungwa. Shida yake pwani ni mpini wa mbao. Ukilowa unavimba na kulibana bapa, kukifungua mpaka ugonge kitako cha mpini mezani. Na hicho si cha kupinda wala kushindilia.

Mlisha_Ngamia

Salamu kutoka Isiolo. Ndugu Dereva, mimi kisu changu kinakata ngozi mbichi, kamba za mkonge na kwato. Nakubaliana na hao kuhusu loki, lakini mbona hakuna anayekwambia kazi zipi usikipe? Usikipige nyundo kupasua kuni. Usikitumie kufungulia mkebe wala kubandua tairi. Ncha ya kisu chochote cha kukunja ukiizungusha kwenye chuma itavunjika, haijali kimetoka wapi. Umesema kilichonyooka unacho nyuma ya siti. Hizo kazi ni zake.

Kama hicho cha nyuma ya siti hakieleweki, nunua Mora Companion ya Uswidi, bei yake haiumizi, ukitumie kwa ubabe wote. Hapo cha kukunja kitaishi.

Mchinjaji_Vingunguti

Mada nzuri hii. Nawaongezea la kunoa maana ndilo linaloua visu vya watu hapa mjini.

Usimpelekee kisu cha laki tatu fundi mwenye grainda ya umeme. Nimeviona visu vizuri vinarudi na ukingo wa rangi ya bluu. Ile bluu maana yake chuma kimepata moto kama nyuzi 300, makali yamelainika, na hata unoe vipi hayatashika tena mpaka usage sehemu yote iliyoungua. Wale wa jiwe la baiskeli wana afadhali, hawaunguzi sana, ila wanakula chuma kingi na kupindisha umbo.

Nunua kinoo chako. Upande mmoja uwe namba 400, wenye chembe za kukwaruza, wa pili 1000, ulio laini zaidi. Pembe ya nyuzi 20 kila upande kwa kazi ngumu, usiende chini ya hapo, ukingo mwembamba unajikunja ukigusa pete ya chuma ya tundu la turubai. Sukuma bapa kwenye jiwe kuanzia kisigino hadi ncha, mkono mwepesi. Ukihisi kwa kidole unywele wa chuma umejitokeza upande wa pili, geuza. Usihame upande kabla ya huo unywele kutoka, hapo ndipo wengi wanapokosea na kusema jiwe ni baya.

Dereva_Porini

Wakuu nawashukuru sana, mmenifungua macho. Mnoaji, hiyo Recon 1 nimeielewa. Sasa dada yangu anaogopa kukamatwa nacho, anasema Uingereza visu ni kesi. Na je, nitajuaje si bandia?

Dada_Leicester

Kaka, dada yako ana haki ya kuwa makini. Huku kisu cha kukunja kisicho na loki, bapa lisilozidi inchi 3, unaweza kutembea nacho. Chenye loki, hata kiwe kidogo, kutembea nacho hadharani bila sababu ya msingi ni kosa. Kununua na kukiweka nyumbani si kosa, mradi ana miaka 18 na zaidi. Akinunua mtandaoni wataomba uthibitisho wa umri.

Asinunue kabisa kile cha kubonyeza kitufe kikafunguka chenyewe, wala kile ambacho springi inamalizia kukifungua. Hivyo huku ni marufuku hata kuwa navyo ndani. Hicho cha kusukuma kwa dole gumba hakimo humo.

Safari: kibaki kwenye boksi lake bila kufunguliwa, kifungwe vizuri ndani ya begi linaloingia tumboni mwa ndege, na risiti iwe pamoja nacho. Asikisahau kwenye mkoba wa mkononi. Atoke nacho nyumbani siku ya safari tu, asikizungushe mjini.

Mnoaji_Kinoo

Dada kamaliza. Kuhusu bandia, anunue kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni yenyewe, na bei ikiwa nusu ya wengine akimbie. Recon 1 za miaka hii huja na chuma cha S35VN, na jina la chuma limeandikwa kwenye bapa. Ni ghali kuliko Buck 110, kwa hiyo ile ahadi yako ya kuongeza hela jiandae nayo.

Kikifika, kabla ya kukipa kazi: kifungue, shika bapa kwa kitambaa kinene, lisukume kulia na kushoto. Lisicheze. Halafu weka vidole nje ya njia ya bapa, shika mpini kwa ubavu, ugonge mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao, si kwenye zege. Loki isishtuke hata kidogo. Itazame kwa juu pia, mkono wa loki uwe umezama wote kwenye pengo lake. Kwa siku za mwanzo kitakuwa kigumu kufungua na kuibonyeza loki kutakuumiza dole, ndivyo zilivyo hizo.

Vumbi: mkirudi kutoka porini kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni huku unakifungua na kukifunga, kipulizie upepo wa kompresa gereji, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, basi. Usitie mafuta ya alizeti, yanaganda na kuwa gundi. Grisi nayo inakusanya mchanga.

Dereva_Porini

Nimeshamtumia dada jina lote. Swali la mwisho: kuna cha makali ya kawaida na chenye meno nusu. Kwa mikanda ya nailoni nichukue kipi?

Mchinjaji_Vingunguti

Makali ya kawaida. Meno yanakata kamba vizuri ila huko porini utayanolea nini? Wewe ishia kwenye ule upande wa 400, usiende kwenye 1000. Ukingo unabaki na mikwaruzo midogo inayong'ata nailoni kama msumeno. Ule wa 1000 uutumie ukiwa na nyama.