Naomba ushauri: kibanda cha kurekodia sauti cha gharama nafuu, kinachofunguliwa na kuhamishika

MsomajiTabata

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi husoma vitabu vya sauti na matangazo madogo ya biashara, na ninaishi Tabata katika chumba cha kupanga chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 3, sakafu ya marumaru, dari ya jipsamu na dirisha kubwa la aluminiamu linalotazama barabara ya mtaa. Juzi mteja alinirudishia sura nzima ya kitabu, akaniandikia kwamba usomaji ni mzuri lakini chumba kinasikika kuliko msomaji. Nilisikitika sana, ila nilipovaa spika za masikioni na kusikiliza tena kwa utulivu nilikubali kwamba ana haki: kila ninapotamka neno kama "sasa" au "chache", mkia wa neno unabaki ukining'inia hewani, na nikipiga kofi moja katikati ya chumba nasikia mlio mwembamba unaotetemeka kama wa sinia la bati lililoangushwa sakafuni.

Nataka kutengeneza kibanda ambacho nitaweza kukifungua na kukipakia kwenye bajaji siku nikihama, kwa sababu mwenye nyumba haruhusu kupigilia hata msumari mmoja ukutani. Bajeti yangu ni shilingi 150,000. Maikrofoni niliyonayo ni kondensa ya USB, ya aina ya kadioidi. Nimeona picha za visanduku vidogo vilivyobandikwa sponji ndani, ambavyo maikrofoni huwekwa humo, je, vinasaidia? Na je, kibanda kitanizuilia kelele za bodaboda na jenereta ya jirani? Naomba mwenye uzoefu anielekeze kabla sijatumia hela.

Kijana wa Mbagala

Kaka, usihangaike na gharama kubwa. Nenda kwa muuza chipsi wa mtaani kwako umwombe trei za mayai, kwani yeye huzitupa kila siku. Mimi nimezibandika ukuta mmoja wa chumba changu na tofauti niliisikia.

Fundi Mitambo

Ndugu MsomajiTabata, na wewe pia mdogo wangu wa Mbagala, naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu nimefanya kazi ya sauti kwa miaka mingi na nimewaona vijana wengi wakipoteza fedha mahali hapa hapa.

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kufyonza sauti yako mwenyewe isirudi kutoka ukutani. Ya pili ni kuzuia sauti ya nje isiingie. Kazi ya kwanza hufanywa na vitu laini, vinene, vyenye kupitisha hewa. Kazi ya pili hufanywa na uzito na kuziba kila upenyo, yaani ukuta wa tofali na mlango mzito usio na mwanya, na hakuna kibanda cha kubeba kwenye bajaji kitakachoifanya. Kwa hiyo blanketi halitaizuia bodaboda, na hilo nakuambia mapema ili usije ukakilaumu kibanda kwa kazi isiyo yake.

Sasa tuzungumzie kufyonza. Sauti ya hezi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde) ina wimbi lenye urefu wa takriban sentimita 34, na ya hezi 200 ina wimbi la karibu mita 1.7. Kitu laini hufyonza vizuri pale unene wake, pamoja na nafasi ya hewa iliyo nyuma yake, unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Sponji ya sentimita 2 au 3 itameza sauti nyembamba za juu peke yake, ilhali sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 85 hadi 180 na ya mwanamke hezi 165 hadi 255. Ndiyo maana aliyebandika sponji nyembamba au trei za mayai husikia tofauti ya kweli, kwa kuwa ule mkia wa "s" umepungua, lakini sauti yake hubaki nzito na iliyoziba, kama ya mtu anayezungumza akiwa ameinamia mtungi. Kisanduku kidogo nacho kina tatizo hilo hilo na zaidi, maana kuta zake ziko karibu mno na maikrofoni, na sauti inayorudi inachanganyika na ile ya moja kwa moja kabla haijapoa.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni hili: maikrofoni ya kadioidi husikia zaidi mbele yake na husikia kidogo sana nyuma yake. Mbele yake upo wewe, na nyuma ya mgongo wako upo ukuta. Kwa maana hiyo ukuta ulio mgongoni kwako ndio unaoingia kwenye rekodi, na hapo ndipo panapohitaji kitu kinene kuliko mahali pengine popote. Wengi huweka sponji nyuma ya maikrofoni, upande ambao yenyewe haiusikii vizuri, wakaacha mgongo wazi.

Kabla hujanunua chochote, usiku wa leo inua godoro lako, lisimamishe nyuma yako, tundika blanketi kubwa kila upande juu ya viti, kisha usome ukurasa mmoja ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni badala ya 40. Kusogea huko peke yake huongeza sauti yako kwa takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) huku sauti ya chumba ikibaki ilivyokuwa. Pumzi za "p" na "b" zitagonga zaidi, kwa hiyo vuta soksi nyembamba ya nailoni juu ya kipete cha waya na ukiweke kati ya mdomo na maikrofoni, na maikrofoni uielekeze kidogo pembeni ya mdomo. Ukiamka uniletee majibu.

MsomajiTabata

Fundi, shikamoo. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na kwa kweli nimestaajabu. Nimesoma aya ile ile mara mbili, bila godoro na kwa godoro, na ule mlio wa sinia haupo tena. Tatizo ni kwamba siwezi kuishi nikiinua godoro kila siku, na blanketi zilizo juu ya viti zinaanguka. Sasa nataka fremu.

Seremala wa Keko

Mimi hutengeneza vitanda na makabati, ila kwa kitu cha kubeba nakushauri uachane na mbao utumie mabomba ya plastiki ya maji, ya inchi 1. Ya robo tatu hupinda ukiyatwika blanketi zito.

Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, nawe unahitaji matatu tu ukikata kwa hesabu. Fremu iwe na kimo cha mita 2, na pande zake sentimita 119 kila moja. Bomba la kwanza utoe vipande viwili vya mita 2 na kimoja cha sentimita 119; la pili vivyo hivyo; la tatu utoe vipande vitano vya sentimita 119, na msumeno utabakiwa na nafasi yake. Hapo una nguzo 4 na vipande 7 vya kulala, yaani 4 vya juu na 3 vya chini, upande wa mlango ukiachwa wazi chini ili usijikwae.

Kiungo kimoja chenye matundu matatu ya pembe si rahisi kukipata kwenye duka la mabomba, kwa hiyo kila pembe unaunganisha tii moja na elbo moja kwa kijipande cha sentimita 6, na vijipande hivyo vinatoka kwenye mabaki ya mabomba mawili ya kwanza. Tii zitakuwa 6 na elbo 8, kwa sababu pembe mbili za chini zilizo mlangoni zinahitaji elbo peke yake. Usitie gundi hata kidogo, bali paka kila kiungo alama ya rangi na kila bomba alama inayolingana nayo. Nilimtengenezea kijana mmoja fremu ya namna hii ya kupigia picha za bidhaa, akatia gundi kwa kuogopa itayumba. Siku ya kuhama ililazimika kukatwa vipande.

Mama Mapazia

Wanangu, mimi nashona mapazia Kariakoo, na katika hili la kutundika naona nina la kuchangia. Msilitandaze blanketi likanyooka kama shuka ya kitanda. Mlango wa mita moja na kidogo upewe kitambaa cha mita mbili na zaidi, kikusanywe marinda, kwani marinda huongeza unene na huacha hewa kati ya mkunjo na mkunjo. Kitambaa chembamba kama kanga hakitakusaidia hata ukitundika sita. Tafuta blanketi nzito za mitumba pale Karume, na upitishe kiganja uone kama zina manyoya ya kutosha. Juu ushone mikanda ya kufungia kwenye bomba, si pete za chuma, kwa maana pete hugongana na utazisikia kwenye kazi yako.

MsomajiTabata

Nashukuru sana, mama, na wewe kaka wa Keko. Fundi, kwa upande wa mgongoni, badala ya godoro niweke nini? Sponji nene bei yake imenishinda.

Fundi Mitambo

Marahaba. Tumia sufi. Watu wa pwani tumelalia mito na magodoro ya sufi tangu zamani, na nyuzi zake ni nyepesi, zina uwazi mwingi ndani na hufyonza sauti vizuri. Shona mifuko miwili mikubwa ya gunia la katani, uijaze sufi mpaka ifikie unene wa sentimita 10, uipitishie uzi katikati kama godoro ili sufi isishuke chini, kisha uitundike upande wa mgongoni ikiwa na nafasi ya sentimita 10 kutoka kwenye ukuta wa chumba. Usitumie mfuko wa sandarusi, kwani plastiki huirudisha sauti nyembamba kabla haijafika ndani. Kanuni ya kupima kitambaa chochote ni rahisi: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa ukinzani kidogo kinafaa, na ikigoma kabisa kiache dukani. Hata sponji ipime hivyo hivyo.

Usikisimamishe kibanda katikati kabisa ya chumba. Chumba chako ni mraba, na kwa mita 3 mawimbi yanayojijenga kati ya kuta ni ya takriban hezi 58 na 116, na hilo la pili ndilo linaloangukia kwenye sauti ya mwanamume. Katikati ya chumba ndipo linapovimba. Sogea hadi kichwa chako kiwe kama sentimita 75 kutoka kwenye ukuta mmoja, lakini usiingie pembeni, kwa kuwa kwenye pembe kila wimbi hukusanyika.

Mpangaji Kinondoni

Naomba kuongeza neno moja ambalo naliona halijasemwa. Sufi hushika moto kwa kasi, na sponji ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Tafadhali asiwepo mtu wa kuingiza balbu ya joto, mshumaa wala dawa ya mbu ya kuwasha ndani ya kibanda hicho, hata umeme ukikatika. Soma kwa taa ndogo ya LED ya betri, na upande wa mlango uwe pazia la kusukuma kwa mkono mmoja.

MsomajiTabata

Ni wiki ya tatu sasa tangu nianzishe uzi huu, na ninaona ni wajibu wangu kurudisha majibu. Kibanda kimesimama. Fremu niliikata mwenyewe kwa hesabu ya ndugu wa Keko na hesabu imetimia. Mabaki yaliyobaki ni vipande vichache tu. Blanketi nilipata tano, nimezitundika kwa mikanda, na moja nimeilaza juu kama paa. Mifuko ya sufi niliianika juani siku mbili kabla ya kuitundika, maana unyevunyevu wa hapa Dar ungeniletea harufu ya ukungu. Nimebakiwa na shilingi 11,000.

Kuhusu kelele za nje, Fundi alisema kweli tupu. Nilipima ukimya wa ndani ya kibanda kwa programu ya Audacity: saa 10 jioni nilipata desibeli -50, na saa 9 usiku, friji ikiwa imezimwa, nikapata -62 (namba ikishuka zaidi chini ya sifuri, ukimya ni mkubwa zaidi). Kibanda ni kile kile na blanketi ni zile zile. ACX, wanaopokea vitabu vya Audible, duka la mtandaoni la vitabu vya sauti, hutaka kelele za wakati wa ukimya zisizidi -60, kwa hiyo nimeamua kusoma kati ya saa 8 usiku na saa 10 alfajiri, kabla ya adhana na kabla bodaboda hazijaamka. Friji nilisahau kuiwasha siku ya kwanza na samaki wakaharibika. Sasa ninapoizima naweka funguo za nyumba ndani yake, nisiweze kutoka asubuhi bila kuifungua.

Jambo gumu lililobaki ni joto. Feni haiwezi kuwaka, na baada ya dakika 20 kurasa zinalowa jasho.

Fundi Mitambo

Hongera sana, mdogo wangu. Kwa joto, soma dakika 15, fungua pazia na uwashe feni dakika 5, unywe maji yasiyo ya baridi, kisha urudi. Tena kabla ya kuendelea isikilize sentensi ya mwisho uliyosoma na uirudie kwa sauti mara mbili, ili umbali wako na maikrofoni na uzito wa sauti vilingane. La sivyo msikilizaji atajua mahali ulipopumzika. Blanketi la paa lisogeze nyuma kidogo, liache upenyo wa upana wa kiganja upande wa mlango, hewa ya moto itoke. Katika rekodi hutausikia.

MsomajiTabata

Nimelisogeza, na nimesoma kwa saa moja na nusu kwa mtindo huo. Sura niliyorudishiwa nimeimaliza upya alfajiri ya leo, na nimeshaituma.