Ukikatakata gitaa la wazee mpaka lisitambulike, bado wanakudai?

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanikera siku nyingi, leo nimeona niliweke hapa watu wachangie, matusi tuyaache nje. Mimi ni mtengeneza biti, jina kubwa sina, nina MPC (ile mashine ya pedi ya kutengenezea biti) ya mtumba na kompyuta basi, na karibu kila biti yangu ninayoiona imekaa vizuri ukiifungua ndani utakuta kipande cha dansi la zamani. Sio kwamba kinanda siwezi, nabahatisha bahatisha, ila lile gitaa la miaka ya 70 lina utamu ambao sauti za kwenye programu hazina, hata uzinunue za bei gani.

Wanaofanya hii kazi wanajua inavyokwenda. Unakaa na wimbo wa dakika nane unavizia pale muimbaji anaponyamaza, mwanzoni kabisa magitaa yanapoitana, au pale wimbo unapotoka kwenye kuimba unaingia chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu. Unapata sekunde nne safi, hakuna sauti ya mtu. Sasa ukijaribu kuzizungusha hivyo hivyo hazikai, maana wale wazee walikuwa wanapiga bendi nzima kwa pamoja hakuna cha kidude cha kuhesabu mwendo masikioni, wakichangamka mwendo nao unapanda, kwa hiyo lupu yako baa ya kwanza iko sawa baa ya tatu imeshakukimbia. Ndo hapo unachopu. Kila mpigo wa nyuzi unauweka kwenye pedi yake, pedi ziko 16, unashusha toni, unafyeka besi yote ya kule ili uweke ya kwako, halafu unaanza kupiga upya kwa vidole mpaka inatoka melodi ambayo mwenye gitaa hakuwahi kuipiga maisha yake yote.

Hiyo melodi ni yangu au yake? Vijana wengi tunaambizana ukishamkata mpaka asijulikane umemalizana naye. Mimi msimamo wangu anakudai vilevile, na nusu ya huko kukatakata, tuseme ukweli, tunakata ili tusijulikane tumetoa wapi. Nawasilisha.

Pedi16

Mkuu unataka kutuulia kazi wewe. Hip hop imezaliwa hivyo hivyo. DJ Kool Herc kule Bronx, New York, 1973 alikuwa na santuri mbili za aina moja, anakirudiarudia kile kipande cha ngoma tupu ili watu wacheze, alimuomba nani ruhusa? Tena lebo za santuri alikuwa anaziloweka kwenye maji zibanduke wenzake wasione anapiga nini. Halafu njoo kwenye SP-1200, mashine ya kunasia vipande vya sauti ya 1987, inabeba sekunde 10 tu za sauti, SEKUNDE KUMI, jamaa wakawa wanapiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili kipande kiingie kikiwa kifupi halafu wanakishusha toni humo humo ndani, na ule ukwaruzo mnaousifia leo ndo ulipotokea. Shida ndo iliyoleta sanaa. Leo mimi biti nauza elfu hamsini, na yenyewe nalipwa nusu nusu, uniambie nikatafute leseni? Ya nani?

Na kingine, ukiomba ruhusa kabla hujakata, unamwomba mtu ruhusa ya kitu ambacho bado hakipo.

Wakili wa Kijiweni

Kwanza mjue wenzetu Marekani hili walishagongana nalo mahakamani. Mwaka 1991 rapa Biz Markie alichukua kipande cha wimbo wa muimbaji Gilbert O'Sullivan, aliomba kibali akakosa akatoa hivyo hivyo, jaji akaanza hukumu yake kwa ile amri ya Mungu ya usiibe, albamu ikaondolewa madukani. Biz akakaa akatunga albamu nyingine 1993 akaipa jina linalomaanisha sampo (vipande vya nyimbo za wengine) zote zimeruhusiwa, jamaa alikuwa na utani sana. Tangu hapo yale mambo ya kurundika vipande ishirini kwenye wimbo mmoja yakawa ya matajiri.

Kuhusu kukata mpaka asijulikane, ndo hasa kesi ya Bridgeport, kampuni ya haki za muziki, iliyoamuliwa 2005. Kipande cha gitaa cha bendi ya Funkadelic cha kama sekunde mbili, kimeshushwa toni, kimezungushwa, masikio ya kawaida huwezi kukijua. Mahakama ikasema pata leseni au usisampo. 2016 mahakama nyingine huko huko ikasema hapana, kipande kidogo sana kisichotambulika hakina kosa, hiyo ilikuwa tarumbeta ya 0.23 ya sekunde kwenye wimbo wa Madonna. Kwa hiyo hata wao hawajakubaliana.

Huku kwetu sheria ya hakimiliki ni ya 1999, mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe kafariki Januari 1979. Piga hesabu mwenyewe kabla hujasema nyimbo za zamani ni za wote.

Mzee wa Chemko

Wanangu mnabishana vizuri ila mnaruka swali gumu. Mnalipa NANI? NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, sare za chama, mpiga gitaa analipwa mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Chama kikabadilika jina bendi ikawa JUWATA, kisha OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ikashikwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Na kurekodi walikuwa wanaenda Radio Tanzania, kanda inabaki redioni. Sasa huyo aliyepiga hilo gitaa lenu karatasi yake iko wapi? Mtampelekea hela mwenye vyombo, mwenye kanda, au watoto wa marehemu? Na mtunzi wa wimbo ni mwingine kabisa, na aliyetia ile solo mnayoikata wala jina lake halikuandikwa popote.

Mleta uzi

Mzee wangu shikamoo. Umegusa penyewe. Clyde Stubblefield aliyepiga ngoma za Funky Drummer kwa James Brown ni hivyo hivyo, alikuwa mpigaji wa kulipwa tu, mpigo wake umesampowa na dunia nzima na mpaka anafariki 2017 mirabaha ya kutungia hana. Hata hiyo kesi ya Bridgeport, kampuni ndo iliyokuwa inashtaki watu mamia kwa mamia, George Clinton mwenye Funkadelic yake hakuwa hata upande wa kulipwa. Kwa hiyo Wakili, sheria kufuata na mwanamuziki kulipwa ni vitu viwili.

Sasa nieleze kilichonifanya nilete huu uzi. Mwaka jana nilikata gitaa moja vipande kumi na moja, nikapindua mpangilio, viwili nikavigeuza kinyumenyume, nikashusha toni, kwa kifupi nilikuwa nimejiamini. Rafiki yangu mmoja akaniambia aliyepiga yupo hai, anakaa huku huku Dar. Nikaenda. Nikampa spika ndogo asikilize, simwambii kitu. Mzee katulia, kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kucheza kwenye goti, akasema "hivi ni vidole vyangu." Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikajiandaa kuombwa hela. Hakuomba. Akaniuliza, "mwanangu, kwa nini umechukua pale nilipokosea?"

Kumbe ule mkwaruzo wa uzi niliouona mtamu kuliko vyote, ndo niliujengea biti nzima, yeye ulimkera miaka yote hiyo, walipiga mara moja bendi nzima na muda wa studio ukaisha hakupewa nafasi ya kurudia.

Tangu siku hiyo habari ya kutotambulika mimi siielewi tena. Asiyemtambua ni nani? Wewe na mimi.

Pedi16

Huyo mzee amekutia huruma, ningekuwa mimi ningelia pia. Ila moja kati ya mia ndo utamkuta hai tena mtaa wa jirani. Waliobaki je?

Wa Eastlands

Hapa Nairobi ni mambo yale yale tu. Santuri nyingi za bendi za Tizedi zilichapwa huku kwetu juu nyinyi hamkuwa na kiwanda, so saa zingine mwenye master alikuwa msee wa kampuni ya Nairobi na kampuni ilifungwa kitambo. Mimi hununua zangu Kenyatta Market, label imechanika nusu, jina la band unasoma ni herufi tatu. Ningependa kulipa, lakini nitalipa herufi tatu?

Mzee wa Chemko

Wakikosekana wote basi andika jina la bendi na mwaka. Hilo halina gharama. Sijawahi kuona kijana kaandika.

Mleta uzi

Mimi na yule mzee tuliandikiana karatasi ya mkono, nusu kwa nusu ya chochote biti itakacholeta, shahidi mwanae. Mpaka leo imeingiza laki moja na ishirini, nimempelekea sitini. Wakili najua utasema karatasi ile haina nguvu maana mtunzi hayumo wala wenye kanda. Ni kweli hawamo. Nimewaandikia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, niulize njia, nasubiri.

Pedi16

Poa mkuu, heshima. Sasa huo wimbo unaitwaje, na hapo alipokosea ni dakika ya ngapi?

Mleta uzi

Sikutajii 😂

Mzee wa Chemko

Si ulisema mnakata ili msijulikane mmetoa wapi?