Kofia ngumu ya baiskeli ya umeme kwa watoto wa sekondari, nichukue ipi?

Mama_Nzuguni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Mjomba wa watoto wangu ametuletea baiskeli ya umeme. Ina pedali, ina mota gurudumu la nyuma, na ukivuta resi inaondoka yenyewe bila kukanyaga. Kijana wangu yuko kidato cha pili, ndiye ataipanda kwenda shule. Dada yake wa kidato cha nne ataichukua Jumamosi kwenda tuisheni Area D, hapa hapa Dodoma. Njia inavuka barabara kuu ya Dar es Salaam, na malori ya pale mnayajua.

Kofia ya bodaboda kijana hataki hata kuisikia, anasema wenzake watamcheka getini. Anataka moja ya mtindo wa kapelo aliyoiona kwenye simu. Binti naye ana rasta, kila kofia anasema inambana. Nimetenga laki moja na nusu kwa zote mbili. Madukani kila muuzaji ananiambia ya kwake ndiyo orijino. Anayejua vitu hivi naomba anielekeze, kwa kweli silali vizuri nikifikiria ile barabara.

Fundi_Majengo

Pole dada, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Mimi ni fundi baiskeli, siku hizi hizi za umeme naletewa sana.

Kofia haichaguliwi kabla ya kujua baiskeli inakimbiaje. Mpe mtu mzima aiendeshe kwenye njia tambarare isiyo na magari, avute resi mpaka mwisho, asome namba kwenye kioo. Kule Ulaya baiskeli ya umeme ya kawaida mota yake inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na kofia nyingi za baiskeli zinatengenezwa kwa mwendo wa namna hiyo. Hizi zinazoingia kwetu zenye resi zinaweza kupita 40. Hapo kwa jina ni baiskeli, kwa kuanguka ni pikipiki.

Ukishajua mwendo, pindua kofia usome karatasi iliyobandikwa ndani. Usisome maandishi ya nje, hayo ni ya kuuzia. Kofia ya baiskeli iliyopimwa Ulaya imeandikwa EN 1078. Ya Marekani imeandikwa CPSC, na kipimo chao ni kikali zaidi kidogo: kofia inadondoshwa kutoka mita 2 kwenye chuma bapa, wakati ya Ulaya ni kama mita 1 na nusu. Waholanzi walitengeneza kipimo chao mwaka 2016 kwa ajili ya baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa, kinaitwa NTA 8776. Hiyo inapimwa kwa kugongeshwa kwa nguvu zaidi na inashuka chini zaidi kisogoni na kwenye panja. Ukiipata yenye saizi yake, chukua.

Kofia ya pikipiki yenye kipimo cha kueleweka ina herufi E ndani ya duara, na namba ya kibali inayoanzia 05 au 06. Ya 06 ndiyo mpya. Baada ya hiyo namba utaona herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga. NP ni kwamba kidevu kimefunikwa lakini usikitegemee. J ni kofia iliyo wazi usoni. Wauzaji wengi hawazijui hizi herufi, kwa hiyo soma mwenyewe.

Na hiyo ya mtindo wa kapelo mwambie kijana aangalie imeandikwa nini. Nyingi za namna hiyo ni EN 812. Hiyo ni ya mtu wa stoo asijigonge kwenye shelfu, haikutengenezwa kwa mtu anayeanguka barabarani. Zile za mafundi ujenzi ni EN 397, nazo hivyo hivyo: zinakinga kitu kinachodondoka kutoka juu. Nawaona watu wanazivaa kwenye boda kila siku na roho inaniuma.

Mama_Nzuguni

Asante sana kaka yangu. Baba yao ameijaribu jioni, imefika 42. Na kapelo ndiyo hiyo hiyo uliyosema, EN 812, kijana kaisoma mwenyewe akanyamaza.

Sasa kwa 42 si ndiyo lazima kofia ya pikipiki? Atagoma.

Fundi_Majengo

Kabla hamjagombana, ipeleke baiskeli kwa fundi wa umeme akufungulie kontrola, kale kaboksi ka waya karibu na betri. Kontrola nyingi za Kichina zina waya wa kupunguza spidi, una vichwa viwili, ukiviunganisha spidi haipandi tena. Nyingine zinapunguzwa kwenye menyu ya kioo. Kwa mtoto wa kidato cha pili anayevuka barabara ya malori, mimi ningeishusha mpaka 25. Betri nayo itakwenda mbali zaidi kwa chaji moja. Hapo kofia nzuri ya baiskeli inamtosha, ni nyepesi, ina matundu ya upepo, na kwa jua letu la Oktoba ataivaa mpaka shuleni badala ya kuining'iniza kwenye usukani.

Mkikataa kuishusha, basi kofia ya pikipiki, hakuna njia nyingine.

Kwenye muonekano muachie achague yeye. Zipo za duara, laini, kama za wanaocheza skateboard, vijana wanazipenda na nyingi zina EN 1078. Wewe chuja kwa karatasi ya ndani, zinazobaki mwache ashike anayoitaka. Ningemshawishi tu achukue rangi inayong'aa, nyeupe, njano au chungwa, maana saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita bado giza na dereva wa lori anatakiwa amuone mapema.

Ukikuta iliyoandikwa MIPS na pesa inaruhusu, chukua. Ni teknolojia ya Waswidi: ndani kuna tabaka jembamba, mara nyingi la njano, linaloteleza milimita 10 hadi 15 kichwa kinapogonga chini kwa mshazari. Watu wengi hawaangukii utosi, wanaangukia upande huku wanasogea, na ule mzunguko wa ghafla ndio unaoumiza ubongo.

Kidato_cha_Tatu_Dom

Shikamoo mama, shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, naendesha baiskeli ya kawaida kutoka Ipagala. Kuhusu dada mwenye rasta: apimwe kichwa akiwa amesuka. Tepu ya fundi cherehani, izungushe juu ya nyusi kama vidole viwili, ipite pale kisogo kinapochomoza zaidi. Mimi nikiwa nimenyoa na nikiwa nimesuka ni saizi mbili tofauti kabisa. Msusi wangu sasa hivi namwambia anisukie za kulala, mafundo asiyaweke utosini, ayashushe shingoni chini ya kofia. Rasta ndefu nafunga chini kabisa.

Rafiki yangu anavaa hijabu, anatumia ile nyembamba ya pamba ya kunyoosha na haweki pini hata moja sehemu inayofunikwa na kofia. Pini ikigandamizwa inaingia kwenye ngozi.

Kofia za wasichana zenye nafasi ya mkia nyuma zipo pia, mama, chini ya kile kigurudumu cha kukazia.

Fundi_Majengo

Mwanangu umesema vizuri kuliko mimi. Niongeze namna ya kujaribu dukani, muuzaji akinuna aache anune. Kofia ikae bapa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, isirudi nyuma kama kofia ya kanzu. Kaza kigurudumu, usifunge mkanda, tikisa kichwa: isicheze. Kisha mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, kidevuni kiingie kidole kimoja. Apige mwayo mkubwa, anatakiwa asikie kofia inamvuta utosini. Mwisho sukuma kofia kutoka kisogoni kwenda mbele kwa nguvu. Ikivuka macho, rudisha.

Mtumba sishauri. Lile povu gumu la ndani, kama la kwenye boksi la televisheni, linafanya kazi kwa kusagika. Likisagika mara moja kazi imekwisha, halirudi, na ganda la nje linaweza kuonekana zima kabisa. Huwezi kujua aliyeivaa huko ilikotoka aligonga nini.

Mama_Nzuguni

Tumetoka sokoni sasa hivi. Spidi imeshushwa, waya ulikuwepo kama ulivyosema. Kijana kachukua ya duara ya njano, EN 1078, binti kachukua nyeupe yenye nafasi ya nywele, ilibidi tuzunguke maduka mengi. Pesa imezidi kidogo, baba yao kajazia.

Swali la mwisho: kijana anataka kuipulizia rangi nyeusi ya spreyi achore na jina. Nimruhusu?

Fundi_Majengo

Hapana dada. Rangi ya spreyi ina kemikali inayoweza kula plastiki na povu, na kwa macho hutaona kitu. Petroli, tina na dawa za kuua wadudu vilevile, kofia isikae karibu navyo. Stika nazo gundi yake si zote salama, asome kijitabu kilichokuja na kofia. Mkanda wa kuakisi mwanga mtengenezaji akiruhusu, abandike nyuma.

Vumbi afute kwa kitambaa na maji ya sabuni ya mche, aanike kivulini. Na asiiache juani juu ya bati au kwenye buti la gari mchana kutwa.