Nantucket mwezi Julai: ukungu, foleni ya ndege, na mafuta ya kubeba

bawa_la_kulia

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaoijua anga ya Massachusetts.

Ijumaa ya katikati ya Julai kuna safari ya Cessna 182 kutoka White Plains, New York, kwenda kisiwa cha Nantucket (ACK). Rubani ni mimi, nina kibali cha kuruka kwa vyombo, abiria ni wawili na mizigo yao. Ripoti za asubuhi zinakuja hivi:

KACK 181153Z 22010KT 1/4SM FG VV001 18/18 A2996

Utabiri unasema kutafunguka kuanzia 14Z (saa nne asubuhi kwa saa za huko). Hyannis, kama maili 25 za baharini kaskazini yake, ni kweupe muda huohuo. Sasa, mbona upepo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) hauupeperushi huo ukungu? Hyannis inafaa kuwa uwanja mbadala? Mafuta nibebe kiasi gani, na nitegemee kucheleweshwa vipi? Kuna ndugu wengine watakuja kwa ndege ya abiria kutoka Boston, nao ningependa niwaambie la kufanya.

---

mnara24

Mkuu, hiyo ripoti inajieleza. 18/18 maana yake joto la hewa na kiwango cha umande vimekutana, hewa imeshiba maji. 1/4SM FG ni kwamba kwenye ukungu huo unaona robo maili tu mbele, na VV001 ni kwamba ukitazama juu huoni zaidi ya futi 100. Na 220 ndiyo shida yenyewe: upepo unatoka kusini-magharibi, unaleta hewa ya joto yenye unyevu na kuipitisha juu ya bahari baridi. Kusini na mashariki mwa Nantucket kuna mafungu ya mchanga ambako maji ya kupwa na kujaa huchota baridi ya chini na kuileta juu. Hewa ikigusa maji hayo inapoa hadi inageuka ukungu.

Kwa hiyo upepo ndio unaoulisha. Ukungu wa bondeni, ule wa usiku mtulivu, ukipigwa na noti 10 unatawanyika. Huu wa baharini, kadiri 220 inavyoendelea kuvuma ndivyo shehena mpya inavyoingia. Waliozoea kuruka Mafia au Pemba hawaujui kwa sababu bahari ya kwetu ina joto mwaka mzima. Dawa yake ni upepo kugeuka ukatoka kaskazini-magharibi, kwa kawaida baada ya msukumo wa hewa baridi kupita. Hapo unaweza kuondoka wote ndani ya saa moja.

Jua nalo husaidia, lakini kwa mipaka. Likipasha ardhi ya kisiwa, ukungu unarudi nyuma kuelekea ufuko wa kusini. Uwanja uko upande huohuo wa kusini, kama maili 3 kutoka mjini. Ndiyo maana watu wa mjini wanakaa juani huku njia ya kurukia bado imefunikwa. Saa nne asubuhi kwenye utabiri ichukulie kama makadirio ya katikati, na kumbuka kwamba jua likianza kushuka alasiri, ukungu unaweza kurudi ndani ya dakika chache.

Kuhusu foleni. Siku za kiangazi ACK inapokea ndege nyingi kuliko uwanja wowote Massachusetts ukiondoa Boston, na njia yake kuu ni moja, 06/24, yenye futi 6,300 hivi. ILS (mitambo ya redio inayomwongoza rubani kushuka asipoona nje) ziko kwenye hiyo tu. Kukiwa kweupe, anayefuata anamwona wa mbele, mnara unawaingiza kwa karibu na mambo yanakwenda. Ukungu ukishuka, kila ndege inatengwa kwa rada, angalau maili 3, na zaidi ndogo ikiwa nyuma ya jeti. Juu ya hapo, anayetaka kupaa mara nyingi anasubiri hadi anayekuja atue kweli, kwa sababu huyo asipoona taa za njia atapaa tena kupitia anga ileile. Ukungu ukifunga asubuhi, wote waliopangwa asubuhi wanamwagika mchana pamoja na wa mchana. Kwa Ijumaa ya Julai, hiyo ni foleni ya hadi jioni.

---

galoni_sita

Nimeongeza hesabu, maana hapo ndipo watu wanapojibana wenyewe.

Kisheria: ikiwa kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya muda wako wa kufika utabiri uko chini ya futi 2,000 za dari au maili 3 za kuona, lazima uandike uwanja mbadala, na ubebe mafuta ya kufika ACK, kwenda mbadala, kisha dakika 45.

Hyannis usiitegemee. Inakaa kwenye hewa ileile, na upepo ukijisogeza kidogo inafunga pamoja na Nantucket na Martha's Vineyard. Mbadala wa kweli uko bara, mbali na maji. Bradley, Connecticut, ni chaguo zuri: kama maili 125 za baharini, njia ndefu, na iko njiani kurudi kwako. Worcester iangalie mara mbili, uwanja wake uko kilimani futi 1,000 juu ya bahari na una ukungu wake wenyewe.

Kwa 182 inayokula galoni 13 kwa saa na kwenda noti 135:

Kuwasha na kutembea ardhini, 2. White Plains hadi ACK kwa njia utakayopewa, saa 1 na dakika 25, 18.5. ACK hadi Bradley, dakika 55, 12. Akiba ya dakika 45, 10. Hapo umetimiza sheria kwa galoni 42.5, na hapo ndipo wengi huishia. Weka tena 10 za kuzungushwa hewani dakika 45, na 4.5 za kushuka, kukosa na kupaa tena. Jumla 57, sawa na pauni 342. Pima watu na mizigo kwa mizani kisha uone kama uzito unaruhusu. Usiporuhusu, mizigo ipande meli.

Amua ukiwa bado ardhini kiasi cha kuondokea. Kwa hesabu hii ni galoni 22: 12 za kwenda Bradley na 10 za akiba. Weka 25, iandike kwenye karatasi unayofunga pajani. Sindano ikifika hapo unaomba Bradley, hata kama mwongozaji anakwambia wewe ni wa tatu kwenye foleni.

Kuchelewa kwenyewe kutakukuta White Plains. Kukiwa na mpango wa kupunguza msongamano utapewa muda maalumu wa kupaa, na una dakika 5 kabla na 5 baada. Ukiukosa unaombewa mwingine, na mwingine unaweza kuwa saa mbili mbele. Ulizia muda huo kabla ya kuwasha injini, na abiria wawe wameshakaa dakika 20 kabla. Maegesho nayo yapigie simu siku kadhaa mapema. Wikendi za Julai na Agosti sakafu inajaa, na jeti nyingi hushusha watu na kwenda kulala kwingine.

---

bawa_la_kulia

Asanteni sana. Na nikifika chini kabisa, ripoti bado robo maili, nijaribu? Kuna pia rafiki mwenye ndege yake anayeruka kwa macho tu, anataka kunifuata nyuma.

---

mnara24

Ndege za kukodi na za ratiba haziruhusiwi hata kuanza hatua ya mwisho ya kushuka ikiwa uwezo wa kuona ulioripotiwa uko chini ya kiwango. Wewe wa binafsi unaruhusiwa kwenda kutazama. Ila ILS ya kawaida inakufikisha futi 200 juu ya ardhi na inataka nusu maili. Kwa robo maili na VV001 hesabu yenyewe inakwambia hutaona kitu. Unachoma galoni 4.5 na kumchelewesha aliye nyuma yako. Omba kuzunguka hadi ripoti ipande. Ukikosa mara moja, mara ya pili iwe kwa sababu hali imebadilika.

Ukipaa tena, macho yasitoke kwenye vyombo. Mbele ni bahari na weupe mtupu, na msukumo wa injini unaufanya mwili uhisi pua imeinuka mno, mkono unataka kuisukuma chini. Nguvu kamili, pua kwenye kipimo chake, hakikisha mwinuko unaongezeka, ndipo upunguze mabawa-saidizi. Redio baadaye.

Rafiki yako asije siku hiyo. Hata ukiona maili 4 kwenye utusitusi, juu ya maji mstari wa upeo hupotea. Ajali ya John F. Kennedy Jr. karibu na Martha's Vineyard, 16 Julai 1999, ilitokea usiku kwenye utusitusi, na wachunguzi walihitimisha kwamba rubani alipoteza mwelekeo. Ndege yenyewe haikukutwa na hitilafu.

---

pwani_ya_kusini

Kwa ndugu wa Boston: wakate tiketi ya kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Ndege ya kwanza inakutana na ukungu mzito, ya jioni inakutana na ukungu unaorudi pamoja na foleni yote ya siku. Ndege ndogo za viti tisa huuliza uzito wa abiria, wataje wa kweli, na begi liwe laini.

Safari ikifutwa na wakaamua kutosafiri, wana haki ya kurudishiwa nauli hata kama sababu ni hali ya hewa. Hoteli hawalipiwi. Njia ya pili ni basi hadi Hyannis na meli: ya kasi kama saa moja, ya kawaida saa mbili na robo. Zina rada, ukungu peke yake kwa kawaida hauzizuii. Tatizo ni kwamba ndege zikifutwa wote hukimbilia meli ya kasi na viti huisha. Wakiona VV001 saa mbili asubuhi, wakate tiketi ya meli palepale, kabla shirika halijatangaza chochote.