Meza ya Shangazi Imekamatwa

*Kikundi: Ukoo wa Mkomani, Lamu*

Shangazi Mwanaisha (9:12 asubuhi): Assalamu alaikum nyote. Nauliza kwa upole. Hii meza ya ukumbini ni ya nani siku hizi? Kesho Idd Pili wageni waja, na mezani pamejaa vikaratasi.

Fatma: Waalaikum salaam Shangazi. Niwie radhi, ni mimi. Ni ile picha ya jahazi, ya kuunganisha vipande, niliyokuja nayo kutoka Mombasa. Vipande 1000. Pembeni kote tushamaliza, jahazi nusu. Imebaki mbingu.

Shangazi Mwanaisha: Mbingu yote ni rangi moja mwanangu. Hiyo mtaimaliza Idd ya mwakani.

Shee: Shangazi, na aliyekuwa ameinama pale usiku na miwani puani ni nani? 😂

Shangazi Mwanaisha: Nilikuwa napita. Nikaona kipande cha tanga kimewekwa sipo.

Ami Athman: Ukapita mpaka saa sita usiku 😂😂

Ami Athman: Nina plaiwudi imebaki karakana. Nitaikata, muisukumie picha juu yake, wageni wakija inaingia chini ya kitanda. Meza inarudi kwa mwenyewe. Lakini msiibebe mtu mmoja, ikipinda kidogo tu jahazi lavunjika.

Fatma: Allah akubariki Ami 🙏

Nassir: Mimi sielewi. Watu wazima, simu mkononi, mnaunganisha karatasi iliyokatwa makusudi? Si wangewauzia picha nzima?

Fatma: Nassir, wenzako wanaikata makusudi tangu miaka ya 1760. Alikuwako mchora ramani London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi. Watoto wa matajiri walijifunza jiografia kwa kuzirudisha nchi mahali pake.

Nassir: Sawa, wale walikuwa na mtihani. Wewe una mtihani wa nini?

Fatma: Wa mbingu.

Shee: 😂😂😂

Bi Zuhura: Nyinyi wacheni. Mimi nataka kujua ludo ni saa ngapi. Huyu wangu mdogo tangu amfunge Babu halali usingizi, anatembea na dadu mfukoni.

Nassir: Ludo nayo si mchezo wa akili, Bi Zuhura. Ni dadu tu. Watupa, wangojea sita, hupati, wakaa. Hata paka anaweza kushinda.

Bi Zuhura: Na wewe ulishinda?

Nassir: Sikupata sita.

Shee: 💀

Ami Athman: Nassir nisikize, maana hapa una haki nusu. Bao halina dadu wala karata ya kuficha. Mashimo 32, komwe 64 za kuchezea, zote ziko wazi mbele ya macho yenu wawili. Mwenye kujua zaidi atakufunga leo, kesho na keshokutwa. Mimi Babu alinifunga tangu sijabalehe mpaka nikaota ndevu, na hakuniachia hata mara moja. Kwenye bao mtu haachiwi, na akiachiwa hujua, na akijua hukasirika.

Ami Athman: Sasa mchukue mtoto wa miaka sita umkalishe mbele ya mtu kama huyo. Atacheza mara ngapi kabla hajainuka akenda zake? Ludo dadu halijui nani Babu na nani mjukuu. Yule mtoto alimfunga kwelikweli, hakuonewa huruma na mtu, ndiyo sababu halali usingizi. Nyumba yenye watoto na wazee yataka mchezo wenye bahati ndani yake. Usipoutaka, ucheze peke yako.

Bi Zuhura: Sema tena Athman, sema!

Fatma: Na ludo yenyewe ina ukoo mrefu. Asili yake ni pachisi ya Bara Hindi, Waingereza wakaipunguza wakaisajili kama mali yao miaka ya 1890.

Nassir: Hilo ndilo halinishangazi 😂

Nassir: Lakini Ami, hiyo ludo iko kwenye simu. Bure. Vikete havipotei, hakuna anayehesabu vibaya. Kwa nini tugombanie ubao wa kadibodi uliokatika katikati?

Shee: Ngoja, Babu yuko hapa kando yangu. Nimemsomea. Anasema niandike kama anavyosema, kwa Kiamu chake (teza ni cheza, nduyo ni ndugu yako, mato ni macho, yeo ni leo, ndoo ni njoo):

Shee (kwa niaba ya Babu): "Mwambie Nassir simu yateza yenyewe, yeye atizama tu. Mtu akihesabu vibaya ndipo penye mtezo. Hapo ndipo wamjua nduyo. Bao latezwa na mato ya watu waliosimama nyuma yako, kila mmoja ana lake la kusema, na wewe wawasikia na hutaki kuwasikia. Yeo watoto wapata nyumba, lile shimo kuu la bao, ina komwe sita wataka kuivunja papo hapo. Ndoo uketi hapa baada ya Asri, mkononi una 22, tuone zitakufikisha wapi."

Nassir: Babu marhaba, naja. Lakini asinifunge mkononi mbele ya watu.

Shee: Anacheka. Anasema hilo haahidi.

Khadija wa Kinondoni: Jamani sisi wa bara, kufungwa mkononi ni nini? Nimeolewa humu juzi tu 🙈

Shee: Karibu wifi. Bao la Kiswahili huanzi na komwe zote ubaoni. Kila mmoja anaweka 10, anabaki na 22 mkononi, anaziingiza mojamoja, hiyo ndiyo kunamua. Zikiisha ndipo mtaji unaanza, kucheza kwa zile za ubaoni tu. Ukifungwa kabla hujamaliza za mkononi, umefungwa mkononi. Aibu yake wabeba mpaka sokoni.

Khadija wa Kinondoni: Basi mimi nitakaa na Fatma kwenye mbingu.

Shangazi Mwanaisha: Hapo umepata. Na mimi niseme langu, maana mmenisingizia miwani. Zile karata mwaka jana ziliwagombanisha watu wawili wa nyumba hii, siwataji, wanajijua. Kisa turufu. Tangu hapo ukitandika karata, mmoja akikaa mwingine ana kazi jikoni.

Bi Zuhura: Mimi nilikuwa na kazi jikoni kweli.

Shangazi Mwanaisha: Sijakutaja. Juzi usiku hao wawili walikaa meza moja na ile picha. Hawakusemezana maneno ya maana. "Nipe hicho chenye mlingoti." "Hiki?" "La, kile chekundu." Mpaka adhana ya Isha. Picha haina mshindi, basi hakuna wa kuinuka kwa hasira. Ndiyo maana sikuikunja ile meza tangu siku ya kwanza, na msinifanye niseme zaidi.

Bi Zuhura: Kile chekundu kilikuwa bendera, si nguo. Niliwaambia.

Shangazi Rukia: Ilikuwa nguo.

Shee: 👀👀👀

Ami Athman: Ya Rabbi, yasirejee 😂

Nassir: Haya basi tubadilishe. Kitendawili!

Fatma: Tega!

Nassir: Popoo mbili zavuka mto.

Khadija wa Kinondoni: Ndege?

Nassir: La.

Fatma: Mimi najua, sisemi, mwacheni wifi.

Khadija wa Kinondoni: Mitumbwi? Mawe? Nimeshindwa.

Nassir: Nipe mji.

Khadija wa Kinondoni: Chukua Dar es Salaam.

Nassir: Nilikwenda Dar es Salaam, watu wa Dar wakanipokea, wakanipa foleni ya magari tangu asubuhi mpaka magharibi, nikarudi Amu kwa punda nikafika kabla yao. Jawabu ni macho.

Khadija wa Kinondoni: 😂😂 Kweli mji wangu umeutendea haki. Cha kwenu hiki cha bure, hakihitaji ubao wala plaiwudi.

Ami Athman: Kinahitaji mtu wa kushindwa tu.

Bi Zuhura: Sasa ratiba. Alasiri bao barazani. Baada ya Magharibi ludo, mtoto wangu ndiye wa kwanza kutupa. Dhumna (domino) ya kina Ami mkaipigie nje, hayo makofi mezani yatarusha vipande vya Fatma.

Ami Athman: Dhumna bila kupiga meza si dhumna.

Bi Zuhura: Ndiyo maana nikasema nje.

Fatma: Na mbingu?

Shangazi Mwanaisha: Mbingu mtakuja mmoja mmoja kila atakayeshindwa kule. Rukia na Zuhura wakae upande wa bendera.

Shangazi Rukia: Nguo.

Shangazi Mwanaisha: Athman leta hiyo plaiwudi kabla ya Dhuhuri, nataka kutandika. Nassir upitie kwa jirani umwombe dadu la pili, letu limeingia uvunguni. Na aliyewacha samaki mekoni aje, ninanusa.