Je, Kiswahili kina nafasi katika kipindi cha Kiingereza?

Binti Micheweni

Assalaam alaykum, walimu wenzangu. Nasomesha Kiingereza kidato cha pili katika skuli moja ya kaskazini ya Pemba, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Darasa langu lina wanafunzi 62, na kila kitabu kinatazamwa na watano au sita. Hayo nimeyakuta na nimeyazoea. Kinachonisumbua ni kwamba wanafunzi hawa hujaza nafasi zilizoachwa wazi bila ya taabu na kanuni za wakati uliopita wanazo kichwani, lakini nikimwinua mmoja nikamuuliza kwa Kiingereza alifanya nini siku ya Ijumaa, huangalia dari na wenzake wakaanza kumnong'oneza.

Wiki iliyopita niliwapa insha fupi kuhusu siku yao ya kawaida. Zaidi ya nusu waliandika "I wake up at eleven o'clock and I go to school at one o'clock". Mimi niliwafahamu, kwa kuwa mtoto wa huku huamka saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi yuko njiani. Lakini Mwingereza akisoma sentensi hiyo ataona mtoto aliyeamka saa tano akaondoka nyumbani saa saba mchana. Niliwaeleza kosa hilo kwa Kiingereza mara mbili, wakaitikia "Yes, teacher", na katika madaftari likarudi vilevile. Mara ya tatu nilichora saa mbili ubaoni na kuwaeleza kwa Kiswahili kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na wao wanaanza saa sita ya usiku. Darasa zima likasema "Aaa!", na kosa halijarudi tena.

Kwa bahati mbaya, mkubwa wangu mmoja wa kazi alikuwa anapita nje ya dirisha. Aliniita baadaye akaniambia, kwa upole lakini kwa mkazo, kwamba mwalimu wa Kiingereza hapaswi kusikika akisema Kiswahili ndani ya kipindi chake. Naomba ushauri wenu: je, ana haki? Na kama Kiswahili kinaruhusiwa, ni kwa kiasi gani na kwa kazi ipi?

Maalim Mstaafu, Unguja

Waalaykum salaam, mwanangu. Nimesomesha Kiingereza miaka 31, na kabla ya kukujibu sina budi kukiri jambo. Katika skuli moja ya shamba nilikopangiwa nikiwa kijana, tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, ambacho mtoto aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa shingoni mpaka amsikie mwenzake naye amkabidhi. Mimi ndiye niliyekikata kwa msumeno na kukipiga msasa. Muhula ulipokwisha, Kiingereza kilikuwa palepale na kilichoongezeka ni ukimya, kwa sababu anayefunga mdomo havishwi kibao. Wale wasemaji hodari, ambao ukiwaacha watakuhadithia mpira wa jana hata uuone, ndio waliokitembeza shingoni kila siku.

Hata hivyo, siwezi kusema kwamba mkubwa wako amekosea moja kwa moja. Nilikuwa na mwenzangu mmoja ambaye kila sentensi aliyoisoma kwa Kiingereza aliifasiri papo hapo. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa lake nikawatazama wanafunzi badala ya kumtazama yeye: wakati wa Kiingereza waliweka kalamu chini, na wakati wa Kiswahili waliziinua wakaandika. Mtoto akishajua kwamba tafsiri inakuja, hana sababu ya kukisikiliza Kiingereza chako. Anasubiri kipite kama anayesubiri mvua ikatike. Jihadhari sana na hilo.

Mimi Kiswahili nilikiweka mahali pa kulinganishia tu, pale ambapo najua lugha mbili hizi zinapishana na mtoto anateleza bila ya kujua amekanyaga wapi. Chukua swali "Hujala?" Kwetu sisi asiyekula hujibu "Ndiyo, sijala", kwa sababu anakubaliana na aliyemuuliza. Mwingereza hujibu "No", kwa sababu analitazama tendo lenyewe, ambalo halikufanyika. Mtoto wetu akiulizwa na mgeni "Haven't you eaten?" atasema "Yes" kwa adabu zote, na atalala na njaa. Au tazama -me-, ambayo walimu wengi huifasiri kwa "have" na kuendelea na safari. "Nimefika" inakubali, lakini "nimechoka" haikubali, kwa kuwa humo -me- inaeleza hali aliyonayo mtu hivi sasa, na Kiingereza kinataka "I am tired". Mwanafunzi anayeandika "I have tired" hakufanya uvivu. Amefuata kanuni aliyopewa na mwalimu wake. Mambo kama haya ukiyaeleza kwa Kiingereza kitupu kwa kidato cha pili, unamweleza mtu njia kwa majina ya mitaa asiyoijua.

Tena usisahau kwamba Kiswahili kimewapa watoto wetu mtaji. Mtoto aliyepita chuo cha Kurani, akafundishwa kuzitofautisha herufi za Kiarabu thaa na dhaal, na nyumbani anasema thelathini na dhahabu bila ya kufikiri, tayari anazo sauti mbili zinazowatoa jasho wanafunzi wa mataifa mengi. Nikimsikia mtoto wa Kizanzibari anasema "sink" badala ya "think", hujua kwamba hakuna aliyemwonyesha kwamba sauti hiyo anayo mdomoni.

Mwalimu wa Wete

Maalim, shikamoo. Naomba kuongeza mfano mmoja. Huku Pemba msimu wa karafuu hutuvurugia sana mahudhurio, nami mwaka mmoja, baada ya kuchoka kupigana nao, niliamua kuuingiza darasani. Tulikuwa tumefika kwenye sentensi za kutendwa, ambazo wanafunzi wangu walizoea kuziandika "The cloves picked by my uncle", bila ya "are" wala "were". Niliwaambia kila mmoja aje na karafuu chache pamoja na makonyo yake, yaani vijiti vinavyozishika.

Niligawa ubao pande mbili. Upande wa Kiswahili niliwaachia wao wanitajie kazi moja baada ya nyingine, tangu mtini hadi kituoni: huchumwa, huchambuliwa, huanikwa, hutiwa magunia, hupimwa, huuzwa. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake, alinisimamisha nilipopitisha kazi ya kuanika harakaharaka, akasema kwamba karafuu mbichi ikilala imelundikwa hupata joto na kuharibika, kwa hivyo nisiandike kama jambo linaloweza kungoja. Nilimshukuru, nikasahihisha. Kisha nilichukua chaki nyekundu nikaizungushia duara kila w iliyomo ndani ya vitenzi vile, chumwa, anikwa, pimwa, uzwa, nikawauliza: herufi hii ikiondoka, kutabaki nini? Wakaona wenyewe kwamba bila ya w, karafuu ndiyo itakayochuma.

Hapo ndipo tulipohamia upande wa Kiingereza. Niliwaeleza kwamba Kiingereza hakina w ya kuitia tumboni mwa kitenzi, hivyo hulazimika kumwita "are" asimame mbele na kukigeuza kitenzi chenyewe umbo: "are picked", "are weighed", "are sold". Kila "are" nikaizungushia duara jekundu lilelile. Tangu siku hiyo, ninapokuta "Cloves picked" daftarini, siandiki kanuni, naandika pembeni "W yako iko wapi?" na mwenyewe hurekebisha.

Tulikwama kwenye kuanika. Walitaka neno moja, na nilipowapa "dry" walikataa, wakisema hilo ni kukauka au kukausha, na mtu anaweza kukausha kitu hata jikoni. Mwishowe tulikubaliana na "spread in the sun", baada ya kubishana robo saa nzima, na robo saa hiyo siijutii, kwa sababu watoto walikuwa wanapima maana ya maneno ya Kiingereza kama wanavyopima pishi.

Kipindi kilichofuata nilifuta upande wote wa Kiswahili. Wakakaa wawiliwawili, karafuu mkononi, mmoja akimweleza mwenzake safari yake kwa Kiingereza pekee huku vitenzi vya Kiingereza vikiwa bado ubaoni. Kisha nikavifuta navyo, wakabadilishana zamu. Kelele zilikuwepo, sikatai.

Mwalimu wa Bayolojia, Kusini Unguja

Naomba radhi kuingia katika mazungumzo ya wenzangu wa lugha, lakini sisi wa sayansi ndio tunaovuna mnachopanda. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na sekondari mambo ni hayohayo, mpaka kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Ninao wanafunzi wanaonieleza usanisinuru kwa Kiswahili vizuri kuliko ninavyoueleza mimi, kisha katika karatasi ya mtihani wakaacha nafasi tupu.

Mara nyingi anayewaangusha si istilahi ngumu, kwani hizo wamezikariri. Ni vitenzi vidogo vya swali. Niliuliza mara moja swali lililoanza na "Account for", nikitaka sababu, na wanafunzi kadhaa wakaniletea mahesabu, kwa kuwa akaunti wanayoijua wao ni ya benki. "Distinguish" nayo hujibiwa kwa kueleza kitu kimoja tu na kukinyamazia cha pili. Mkitenga dakika kumi kwa wiki kwa maneno ya namna hii, mkitumia maswali yetu halisi, mtatusaidia sana. Lugha ya kuyaelezea chagueni wenyewe.

Binti Micheweni

Nawashukuru nyote, na wewe Maalim nakupa shikamoo niliyoisahau mwanzo. Suala la w nitalijaribu wiki ijayo, ingawa huku kwetu wengi ni watoto wa wavuvi, kwa hivyo huenda nikatumia dagaa: huvuliwa, huchemshwa, huanikwa, na ile robo saa ya ubishi nadhani nitaikuta vilevile. Yamebaki mawili. Madawati yetu ni mazito na hayageuziki kwa urahisi, sasa wawiliwawili watakaaje? Na mkubwa wangu nimwambie nini?

Mwalimu wa Wete

Madawati yaache palepale. Safu ya kwanza wageuke wao wenyewe nyuma kuwatazama wa safu ya pili, ya tatu waitazame ya nne, na zamu ikibadilika wale waliogeuka tu wasogee nafasi moja upande wa dirisha ili kila mtu apate mwenzake mpya. Ukianza na dakika tano zinatosha. Zikizidi hapo watarudi kwenye Kiswahili na hutawasikia wote 62.

Huyo mkubwa wako usimwambie kitu. Mkaribishe darasani, lakini mkaribishe katika kipindi cha pili, ubao ukiwa umeshafutwa.