Ushauri: Mwanafunzi aliyebuni vipimo vya wagonjwa anataka niwe mdhamini wake wa kazi

Mkufunzi_Ziwani
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha uuguzi ngazi ya diploma kwenye chuo kimoja cha afya huku Kanda ya Ziwa. Matangazo ya kazi yakitoka tu, simu yangu haitulii, maana Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi za serikali, inataka wadhamini watatu na hospitali binafsi nazo zinataka barua. Wengi nawaandikia kwa moyo mweupe. Safari hii wapo wawili nimekwama.

Wa kwanza alihangaika darasani mwanzo mwisho, sup (mitihani ya marudio) kila muhula, na kupiga hesabu za dozi kulimtoa jasho. Ila wagonjwa walimpenda na sijawahi kumkuta na uongo. Sasa anaomba kazi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi.

Wa pili ndiye ananinyima usingizi. Kichwani yuko vizuri, GPA ya juu. Mwaka wa mwisho, zamu ya usiku, alijaza chati za presha, joto na mapigo ya moyo za wodi nzima bila kumgusa mgonjwa hata mmoja. Ilijulikana kwa sababu kuna mgonjwa aliandikiwa vipimo vya saa kumi na moja alfajiri, na mgonjwa huyo alikuwa chumba cha upasuaji tangu saa tisa. Chuo kikampa barua ya onyo, akarudia mzunguko wa mafunzo wodini, akamaliza. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo. Hospitali anayoomba imenitumia fomu, na ndani kuna kipengele cha uaminifu katika kumbukumbu za mgonjwa. Mama yake tuko naye jumuiya moja, anapiga simu kila mara: "Mwalimu, usimwangushe mwanao."

Kijana alishaadhibiwa. Nina haki gani ya kumhukumu tena? Na nikinyamaza, wagonjwa nitakuwa nimewatendea nini?

Nawasilisha.

Bonde_la_Juu
Andika tu mwalimu. Ajira zenyewe ziko wapi siku hizi? Adhabu alishatumikia, ukimzibia riziki ni dhambi.

Sista_wa_Wodi
Bonde, riziki ya mtu mmoja naiheshimu, lakini naomba nieleze chati ni kitu gani. Mimi ni msimamizi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa aliyetoka theatre anaweza kuvuja damu tumboni bila hata tone kuonekana kwenye bandeji. Kinachotuambia ni mapigo kupanda na presha kushuka, kidogo kidogo, saa hadi saa. Muuguzi akibuni namba, daktari anapita asubuhi anasoma kwamba mambo ni shwari, anaenda kitanda kinachofuata. Kosa la hesabu ya dozi tuna namna ya kulikamata, dawa za hatari tunahakiki watu wawili. Namba ya kubuni yenye sahihi chini yake, nani atairudia?

Kwa hiyo mimi huyo wa sup simwogopi. ICU hapana, bado, na mwambie hivyo. Lakini wodi ya kawaida yenye msimamizi ningempokea kesho, na barua inayosema "hesabu zake zinahitaji kuangaliwa, hadanganyi, wagonjwa wanamwita kwa jina" ningeiamini kuliko kurasa mbili za sifa. Barua za sifa tupu huwa naziweka pembeni, nampigia mdhamini, namuuliza kama angempangia huyo mtu zamu ya usiku peke yake. Akianza kuvuta maneno, jibu nimeshalipata.

Wakili_Mtaani
Kisheria halazimishwi mtu kusifia. Majirani zetu Kenya wameliandika kabisa: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, mwajiri lazima atoe cheti cha utumishi, ila halazimiki kutoa barua ya tabia wala utendaji. Ukiamua kuandika, andika kwa uangalifu. Uingereza mwaka 1994, kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, iliamuliwa kwamba anayetoa maelezo ya namna hii ana wajibu wa uangalifu kwa yule anayemwelezea. Haifungi mahakama zetu, lakini mawakili tunaitumia kujenga hoja. Wewe barua ya onyo iko kwenye faili. Shikilia hiyo na ulichokiona kwa macho yako, ya korido yaache.

Nilipita_Huko
Mwalimu wangu mmoja aliniambia usoni, "Kwa kazi hii sitakuandikia." Nilichukia sana. Lakini nilipata muda wa kutafuta mwingine. Mwingine alisema sawa, akakaa kimya mpaka dirisha la maombi likafungwa. Huyo ndiye aliyeniumiza.

Mkufunzi_Ziwani
Asanteni sana. Sista, wa pili nimwambieje?

Sista_wa_Wodi
Mwite kabla hujagusa fomu. Mwambie utakachoandika, neno kwa neno: alibuni vipimo, alionywa, alirudia mzunguko, na namna alivyofanya kazi baada ya hapo. Hili la mwisho usilisahau, ni haki yake. Kama alibadilika, mimi kama mwajiri nataka kulijua. Kisha achague kama anataka fomu uijaze wewe au mtu mwingine.

Mkufunzi_Ziwani
Mzunguko wa pili alifanya vizuri, hilo nitaliandika bila kusita. Nimempigia, kesho anakuja chuoni. Na mama yake je? Jumapili tunakutana.

Wakili_Mtaani
Mama usimwambie lolote. Kijana ni mtu mzima mwenye leseni, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata hospitali, chukua kwanza idhini yake kwa maandishi ndipo ujaze. Mama akiuliza, mwambie amuulize mwanae.